Chembe Nano za Sumaku katika Kupiga Picha za Uvimbe wa Saratani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wagonjwa, ndugu zao, wanafunzi wa fani za afya na wasomaji wadadisi huuliza kuhusu chembe nano za sumaku zinazotumiwa kama dawa ya kontrasti, yaani dawa inayoingizwa mwilini ili sehemu moja ionekane tofauti na nyingine katika picha. Majibu haya hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayemhudumia mgonjwa.

Chembe nano za sumaku ni kitu gani?

Ni vipande vidogo mno vya oksidi ya chuma, hasa magnetaiti na maghemaiti, vilivyofunikwa kwa utando unaovizuia visigandamane vinapokuwa ndani ya damu. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kiini cha chembe ya kitabibu kwa kawaida huwa na kipenyo cha nanomita chache tu, na ukijumlisha utando pamoja na maji yaliyoshikamana nao, chembe nzima hufikia nanomita 20 hadi 150 au zaidi, kutegemea aina yake. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo chembe hizi hupita bila shida hata katika mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko yote.

Ukubwa huo huamua mengi. Chembe zinazozidi nanomita 50, ambazo wataalamu huziita kwa kifupi SPIO, huondolewa kwenye damu na ini na wengu ndani ya dakika chache. Zile zilizo ndogo zaidi, USPIO, hubaki zikizunguka kwa saa nyingi, na kwa sababu hiyo hupata nafasi ya kupenya hadi sehemu ambazo zile kubwa hazifiki, zikiwemo tezi za limfu.

Mashine ya MRI inaona ndani ya mwili bila kuupasua. Kwa nini bado ihitaji dawa?

Kwa sababu mashine haijui saratani ni nini. Inachopokea ni ishara za redio kutoka kwa protoni za hidrojeni, ambazo nyingi zimo katika maji na mafuta ya mwili. Ndani ya sumaku ya mashine, ambayo hospitalini mara nyingi huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3, protoni hizo hujipanga, kisha hutikiswa kwa mawimbi ya redio, na baada ya hapo hurudi katika utulivu wake. Muda wa kurudi hupimwa kwa namna mbili zinazoitwa T1 na T2, na tofauti za muda huo kati ya tishu na tishu ndizo zinazofanya sehemu moja ya picha iwe nyeusi na nyingine nyeupe. Uvimbe unapokuwa na kiasi cha maji kinachokaribiana na cha tishu iliyouzunguka, rangi zao hulingana, na jicho la mtaalamu hata awe na uzoefu kiasi gani hukosa pa kushika. Dawa ya kontrasti huingia hapo ili kuvunja ulinganifu huo.

Chembe za chuma hubadilishaje picha?

Kila chembe, ikiwa ndani ya uga sumaku wa mashine, hugeuka kuwa sumaku ndogo inayovuruga uga katika eneo linaloizunguka. Protoni za maji zinazopita karibu nayo hukutana na uga usio sawa, zikaanza kuzunguka kwa kasi zinazotofautiana, na ishara zake zikapishana hadi zikafutana. Kwa lugha ya radiolojia, chembe hufupisha T2. Katika picha, mahali zilipojikusanya hugeuka kuwa peusi.

Weusi huo huwa mpana kuliko chembe zenyewe, kwa sababu athari ya uga inavuka mipaka ya chembe. Jambo hilo lina faida na hasara. Faida ni kwamba mkusanyiko mdogo mno wa chuma, ambao kwa ukubwa wake halisi usingeonekana kamwe, unaweza kugunduliwa. Hasara ni kwamba mipaka ya kitu kilichobeba chembe hupotea, na daktari wa upasuaji anayetaka kujua uvimbe unaishia milimita ipi hapati jibu safi. Zaidi ya hayo, hewa, madini ya kalsiamu yaliyoganda na mabaki ya damu ya zamani nayo huonekana meusi. Ndiyo maana picha hupigwa mara mbili kwa mipangilio ileile, kabla ya dawa na baada yake. Pasipo ile ya kwanza, ya pili inaweza kupotosha.

Chembe ndogo sana hufupisha pia T1, na zikipigwa picha kwa mpangilio unaofaa hung'arisha mishipa ya damu badala ya kuifanya nyeusi. Watafiti wengi wanafuatilia njia hii, kwa kuwa ni rahisi zaidi kwa jicho kutambua doa jeupe kuliko pengo jeusi.

Kwa nini chembe zisigandamane kama vipande vya sumaku ya kawaida?

Sumaku kubwa imegawanyika ndani kwa ndani katika maeneo mengi, na ikishapata usumaku hubaki nao. Chembe ya oksidi ya chuma iliyo ndogo kuliko takribani nanomita 20 ina eneo moja tu, na joto la kawaida la mwili linatosha kuuyumbisha mwelekeo wake wa usumaku mara nyingi mno kwa sekunde, hata wastani wake ukawa sifuri. Ikiwekwa ndani ya uga wa nje hupata usumaku mkubwa. Ikiondolewa, usumaku hutoweka. Hali hii huitwa superparamagnetiki. Mgonjwa anapotoka kwenye mashine, chembe zilizomo mwilini mwake hazivutani tena.

Je, zinaweza kuvutwa na sumaku ya mashine zikachana mishipa?

Hapana. Ni nyepesi mno, zimetawanyika ndani ya damu au zimeshamezwa na seli, na nguvu inayozivuta ni ndogo kuliko ile inayozitikisa ndani ya kimiminika. Hatari ya kuvutwa inahusu vitu vikubwa vya chuma, kama vile klipu za zamani za mishipa ya ubongo au kipande cha chuma kilichoingia jichoni.

Chembe zikishadungwa, je, huitafuta saratani zenyewe?

Hapa ndipo kutoelewana kunakoanzia, na ningependa msomaji akae nalo kidogo. Chembe zilizowahi kuidhinishwa kwa ajili ya kupiga picha hazikuundwa kuitambua saratani. Zinakamatwa na makrofaji, yaani seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vitu vigeni. Picha tunayoipata, kwa hiyo, ni taarifa ya mahali ambapo seli za kinga zipo na zinafanya kazi. Weusi unasema hapa pana tishu yenye afya. Mahali palipobaki peupe ndipo pa kutiliwa shaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni ini. Ndani ya mishipa yake midogo mna seli za Kupffer, ambazo ni makrofaji wakaazi, na sehemu kubwa ya chembe za aina ya SPIO huishia kwao. Baada ya dawa, ini lenye afya huwa jeusi karibu lote. Uvimbe uliotoka kwenye utumbo na kupandikizwa humo hauna seli za Kupffer, hivyo hubaki na rangi yake ya awali, na juu ya usuli ule mweusi doa ambalo hapo awali lilifichika hujitokeza. Uvimbe wa saratani ya ini lenyewe ni mgumu zaidi kuusoma, kwa kuwa ule ambao bado unafanana na tishu ya kawaida unaweza kuwa na seli za Kupffer za kutosha kumeza chembe, ukaonekana hauna neno. Kinyume chake, ini lililoharibiwa na sirosisi, yaani ugonjwa wa makovu ya ini, humeza chembe kwa unyonge, na utofauti wa picha hupungua. Msomaji wa picha asiyejua hali ya ini la mgonjwa anaweza kuona ugonjwa ambapo pana kovu tu.

Kwa nini tezi za limfu hutajwa sana katika mada hii?

Kwa sababu ndiko chembe hizi zilikoonyesha thamani yake kubwa zaidi. Saratani nyingi husambaa kwanza kupitia tezi za limfu, na kujua kama tezi fulani imeshaingiliwa hubadilisha matibabu yote yanayofuata. Kipimo cha kawaida cha MRI au CT hutegemea ukubwa: tezi inayozidi milimita 8 hadi 10 hushukiwa, iliyo ndogo kuliko hapo huachwa. Kigezo hicho ni dhaifu pande zote mbili, maana tezi huvimba kwa maambukizi ya kawaida, na saratani inaweza kukaa ndani ya tezi yenye milimita 5 bila kuibadilisha umbo.

Dawa iitwayo ferumoxtran-10 ilitoa njia nyingine. Hudungwa kwa dripu, mgonjwa hurudi nyumbani, na picha hupigwa saa 24 hadi 36 baadaye, muda ambao chembe zimeshavuja polepole kutoka kwenye damu, zikabebwa na limfu na kumezwa na makrofaji waliomo ndani ya tezi. Chukua tezi moja ya nyonga, yenye umbo la yai na urefu wa milimita 7. Kabla ya dawa ni ya kijivu kote na haina cha kuitenga na jirani zake. Siku inayofuata nusu yake imekuwa nyeusi tii, na nusu ya pili imebaki ya kijivu kilekile, mpaka kati yao ukiwa umepinda kidogo kuelekea ndani. Katika ile nusu ya kijivu makrofaji wameondolewa na kitu kingine kimechukua nafasi yao. Kwa kigezo cha ukubwa, tezi hiyo ingeandikwa kuwa ni salama.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine ulichunguza wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume. Kati ya tezi za limfu 334 zilizotolewa au kuchukuliwa sampuli, 63 zilikuwa na saratani, na 45 kati ya hizo zisingeshukiwa kwa vigezo vya kawaida. Kwa hesabu ya tezi moja moja, MRI yenye chembe iligundua asilimia 90.5 ya tezi zilizoathirika, ilhali MRI ya kawaida iligundua asilimia 35.4. Ni nadra kwa dawa ya kontrasti peke yake kuleta tofauti ya kiasi hicho.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini hazipatikani katika kila hospitali?

Ferumoxides, iliyouzwa kwa majina ya Feridex na Endorem, iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya ini. Ferucarbotran, maarufu kama Resovist, ilifuata Ulaya mwaka 2001. Zote mbili zilifanya kazi zilizoahidi, lakini mauzo yalikuwa madogo. Ferumoxides ililazimika kuchanganywa na kudungwa polepole kwa takribani nusu saa, na baadhi ya wagonjwa walipata maumivu ya mgongo yaliyolazimu dripu isimamishwe. Wakati huohuo zilitokea dawa za kontrasti za gadolini, metali nyingine, zinazofyonzwa na seli za ini, ambazo hudungwa kwa sekunde chache na kutoa picha siku hiyohiyo. Mwishoni mwa muongo wa 2000 watengenezaji waliacha kuzizalisha kwa masoko ya Ulaya na Marekani, ingawa Resovist iliendelea kutumika Japani.

Ferumoxtran-10 ilipata shida ya namna nyingine. Mwaka 2005 kamati ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipiga kura dhidi yake, ikiona kwamba ushahidi haukutosha kwa matumizi mapana yaliyoombwa katika saratani za aina mbalimbali, na ombi lililowasilishwa Ulaya likaondolewa mwaka 2007. Watafiti wa hospitali ya chuo kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen nchini Uholanzi, hawakuiacha; waliirudisha katika utafiti na kazi hiyo inaendelea. Naona ni haki kusema kwamba kilichoshindikana kwa sehemu kubwa ni biashara na upana wa maombi, na wagonjwa wa saratani ya tezi dume ndio waliopoteza zaidi katika miaka hiyo.

Nimesikia jina la ferumoxytol. Hiyo nayo ni nini?

Ni chembe ya oksidi ya chuma iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa watu wenye ugonjwa sugu wa figo. Wakati huo haikuidhinishwa kwa picha, lakini madaktari wengi wameitumia hivyo nje ya matumizi yaliyoandikwa, kwa sababu hukaa kwenye damu muda mrefu: nusu ya dozi bado inazunguka baada ya takribani saa 15. Katika saa za mwanzo huonyesha mishipa ya damu kwa uwazi. Siku inayofuata huonyesha maeneo ya ubongo yaliyojaa makrofaji, jambo linalosaidia kuchunguza uvimbe wa saratani ya ubongo na kuvimba kwa tishu kunakochochewa na matibabu. Kwa mgonjwa ambaye figo zake hazimruhusu kupewa baadhi ya dawa za gadolini, mara nyingi hili ndilo chaguo linalozungumzwa.

Tofauti yake na gadolini ni ipi?

Gadolini ni elementi ya metali ambayo ikiwa huru ni sumu, hivyo hufungwa ndani ya molekuli inayoishikilia. Hufupisha T1, hung'arisha picha, husambaa haraka nje ya mishipa na hutolewa na figo ndani ya saa chache. Ndiyo dawa ya kontrasti inayotumika zaidi katika MRI tangu ya kwanza ilipoidhinishwa mwaka 1988. Mwaka 2006 ilihusishwa na ugonjwa adimu lakini mzito wa kukakamaa kwa ngozi na viungo vya ndani kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi, na miaka michache baadaye ilidhihirika kwamba kiasi kidogo chake hubaki ndani ya ubongo. Shirika la Dawa la Ulaya lilisitisha mwaka 2017 matumizi ya dawa kadhaa ambazo molekuli zake hazishikilii gadolini kwa uimara. Zilizobaki sokoni ni salama zaidi.

Chuma, tofauti na gadolini, mwili unakijua na una njia zake za kukitumia. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya wanaotetea chembe za chuma, na ni hoja yenye uzito, ila haimaanishi kwamba chembe hizi hazina madhara.

Chuma hicho huishia wapi mwilini?

Makrofaji wakishameza chembe, huipeleka katika vifuko vyenye asidi ambako utando humeng'enywa na kiini huyeyuka taratibu kwa siku na wiki kadhaa. Chuma kinachotoka hujiunga na akiba ya mwili ndani ya protini ya feritini, na sehemu yake hatimaye huingia katika himoglobini ya seli mpya za damu. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini. Dozi ya ferumoxides ilikuwa miligramu 0.56 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 39 kwa mtu wa kilo 70, na ferumoxtran-10 hutolewa kwa miligramu 2.6 kwa kilo, ambazo kwa mtu huyohuyo ni miligramu 182. Kiasi hicho cha pili hakizidi kile kilichomo katika chupa moja ya damu ya kuongezewa. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kurundika chuma, hata hivyo, hesabu hii haifariji, na dawa hizi hazimfai.

Madhara yake ni yapi?

Mengi ni mepesi: kichefuchefu, kuumwa kichwa, joto la ghafla usoni, maumivu ya mgongo yanayoisha dripu ikipunguzwa kasi. Linaloogopwa ni mzio mkali unaoshusha shinikizo la damu na kubana pumzi. Ni nadra, lakini umewahi kuua, na mwezi Machi 2015 FDA iliagiza ferumoxytol iwekewe onyo la ngazi ya juu kabisa. Tangu hapo hairuhusiwi kudungwa kwa mkupuo. Hutolewa kwa dripu kwa dakika zisizopungua 15, mgonjwa akiwa ameegemea au amelala, na huangaliwa kwa angalau nusu saa baada ya dripu kumalizika.

Je, kuna mionzi?

Hakuna mionzi ya kudhuru seli, si kwenye chembe wala kwenye mashine ya MRI.

Kuna chembe zilizoundwa ziishike saratani yenyewe?

Zipo maabara, na nyingi. Juu ya utando wa chembe hupachikwa kitu kinachotambua alama ya seli ya saratani: kingamwili kama trastuzumab inayoshika kipokezi cha HER2 cha baadhi ya saratani za matiti, asidi ya foliki ambayo seli zinazogawanyika kwa kasi huipokea kwa wingi, au peptidi inayoshikamana na mishipa mipya ya damu inayolisha uvimbe. Katika sahani ya maabara matokeo hupendeza. Ndani ya mwili, chembe ikigusa tu damu hufunikwa na protini zinazoweza kuficha kile kilichopachikwa, na ini na wengu huikamata kabla haijafika.

Kwa muda mrefu watafiti walitegemea pia kile walichokieleza Matsumura na Maeda mwaka 1986: mishipa ya uvimbe huvuja na mifereji yake ya limfu ni mibovu, hivyo vitu vya ukubwa wa nano huingia na kubaki humo. Jambo hilo ni la kweli, lakini kiwango chake hutofautiana mno kati ya uvimbe na uvimbe, na kati ya panya na binadamu. Uchambuzi wa tafiti za wanyama uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi ya chembe nano hufika kwenye uvimbe. Asomaye habari kwamba chembe fulani “inalenga saratani” anapaswa kuuliza mara moja: ni sehemu gani ya dozi iliyofika, na ndani ya mnyama gani?

Zinatengenezwaje?

Njia iliyo rahisi zaidi huanza na chumvi mbili za chuma zilizoyeyushwa majini, moja yenye chuma cha chaji mbili na nyingine ya chaji tatu, kwa uwiano wa 1 kwa 2. Maji ya amonia yanapoongezwa huku mchanganyiko ukikorogwa, rangi yake ya manjano ya kahawia hubadilika ghafla ikawa nyeusi kama wino; huo weusi ndio magnetaiti iliyozaliwa. Ukiweka sumaku chini ya chupa, unga mweusi hushuka upande wake na maji ya juu yakabaki meupe, yakamwagwa, na unga ukaoshwa tena na tena. Utando wa dekstrani, sukari ya minyororo mirefu, unaweza kuongezwa wakati huohuo wa kuzaliwa kwa chembe. Polietilini glikoli, silika na sitrati nazo hutumika.

Ugumu wote uko katika usawa. Chembe za nanomita 6 zikichanganyika na za nanomita 15, tabia zao ndani ya sumaku na ndani ya damu hutofautiana, na chupa moja huwa na dawa mbili. Kwa sababu hiyo baadhi ya maabara hupendelea kuoza misombo ya chuma kwa joto la juu ndani ya vimiminika vya kikaboni, njia inayotoa chembe zinazolingana sana lakini zisizopatana na maji mpaka utando wake ubadilishwe.

Tezi mlinzi ni nini, na chembe zinahusikaje?

Tezi mlinzi ni tezi ya limfu ya kwanza kupokea limfu kutoka kwenye uvimbe. Daktari wa upasuaji wa saratani ya matiti huitafuta na kuitoa ili ipimwe. Ikiwa haina saratani, tezi nyingine za kwapa huachwa. Kwa miaka mingi imetafutwa kwa teknesia yenye mionzi, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya saa 6, hivyo hospitali huhitaji idara ya tiba ya nyuklia na ratiba isiyoyumba. Kimiminika cha chembe za chuma kiitwacho Magtrace, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hudungwa kwenye titi, na kifaa cha mkononi kinachohisi usumaku humwongoza daktari hadi kwenye tezi, ambayo mara nyingi pia huwa imebadilika rangi kuwa ya kahawia. Kinaweza kudungwa siku kadhaa kabla ya upasuaji. Hasara zake ni mbili: ngozi inaweza kubaki na doa la kahawia kwa miezi mingi, na chuma kinachosalia kwenye titi huharibu picha za MRI za titi hilo kwa muda mrefu. Mgonjwa anayetarajiwa kufuatiliwa kwa MRI aambiwe hili kabla ya kudungwa.

Je, ipo njia ya kupiga picha ya chembe zenyewe badala ya kivuli chake?

Ipo. Mwaka 2005 Bernhard Gleich na Jürgen Weizenecker, waliokuwa watafiti wa Philips mjini Hamburg, walichapisha katika jarida la Nature mbinu inayopokea ishara ya usumaku wa chembe moja kwa moja, kwa kifupi MPI. Tishu za mwili hazitoi ishara yoyote katika mbinu hiyo, hivyo kinachoonekana ni chembe peke yake, na wingi wake unaweza kuhesabiwa. Mashine zilizopo kwa sasa hutumika zaidi kwa wanyama wadogo. Kutengeneza ya kumtosha binadamu kunahitaji sumaku kubwa na umeme mwingi, na vikundi vya watafiti vimeanza na mashine za kichwa.

Chembe hizi zinaweza pia kutibu?

Zikiwekwa ndani ya uga unaogeuka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde au zaidi, hutoa joto. Kampuni ya Ujerumani iitwayo MagForce ilipata idhini ya Ulaya mwaka 2010 kwa tiba ya uvimbe wa ubongo ambamo chembe hudungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe. Hiyo ni mada nyingine, na mgonjwa asidhani kwamba dripu ya kontrasti itamtibu.

Picha ikionyesha tezi nyeupe, je, ni saratani tayari?

Bado. Mafuta yaliyomo katikati ya tezi hayamezi chembe na hubaki meupe, na mtaalamu asiyeyatofautisha anaweza kuyaita saratani. Kovu, uvimbe wa maambukizi au dozi isiyofika vizuri huleta sura kama hiyo. Kwa upande mwingine, kundi la seli za saratani lenye upana usiofikia milimita 2 linaweza kuzungukwa na weusi na kufichika kabisa. Uthibitisho hutoka kwa mtaalamu wa patholojia aliyeiona tishu kwenye hadubini.

Nimwambie nini mtaalamu kabla ya kipimo?

Mweleze kama umewahi kupata mzio wa dawa yoyote, hasa ya chuma ya kudungwa. Kama una ugonjwa wa kurundika chuma au umeongezewa damu mara nyingi. Kama una mimba au unanyonyesha. Na kama una kifaa chochote cha chuma au cha umeme mwilini. Kama umetibiwa upungufu wa damu kwa ferumoxytol, taja tarehe ya dripu ya mwisho, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kubadilisha picha za MRI kwa muda wa hadi miezi 3, na mtaalamu asiye na taarifa hiyo anaweza kuusoma weusi wa ini lako kama ugonjwa. Ikiwa MRI imeshapangwa na dripu ya chuma bado haijaanza, omba picha zipigwe kwanza.